Maswali Arobaini na Moja: Tunamuaga Bi Nukta wa Kamati ya Nidhamu

Ijumaa hii, saa tisa na nusu alasiri, Bi Nukta atafunga droo ya meza yake kwa mara ya mwisho, baada ya kukitumikia chuo chetu kwa miaka thelathini na minne na miezi miwili. Hiyo miezi miwili ameidai mwenyewe. Rasimu ya kwanza ya wasifu huu ilisema "zaidi ya miaka thelathini", akairudisha ikiwa na alama nyekundu pembeni: zaidi kwa kiasi gani?

Hafla ya kumuaga imeandaliwa na kamati maalumu iliyokutana mara tatu. Kumbukumbu za vikao vyote vitatu ziliandikwa na mstaafu mwenyewe, kwa sababu ilipofika saa ya kumchagua mwandishi, kila mjumbe aligundua kwamba mkono unamuuma. Kumbukumbu za kikao cha pili zinasomeka hivi: "Wajumbe walikubaliana kuwa zawadi iwe siri. Katibu aliombwa atoke nje kwa dakika kumi. Katibu alitoka. Kilichojadiliwa hakijulikani."

Jina la Bi Nukta alipewa na wapiga taipu wenzake mwaka wake wa kwanza kazini. Alikuja akiwa na miaka ishirini na sita, mama wa watoto wawili, mwembamba, na cheti cha hati mkato, ule mwandiko wa vistari na vijipinda unaomwezesha mtu kuandika kwa kasi ya anayesema. Chumba cha wapiga taipu kilikuwa na mashine tisa na feni moja. Mashine aliyopangiwa yeye ilikuwa na kasoro: kitufe cha nukta kilikuwa kigumu, hakishuki mpaka ukipige hasa. Waliomtangulia walikuwa wakikiruka na kuacha sentensi zielee. Yeye alikipiga. Sentensi ilipoisha, chumba kizima kilijua imeisha.

Baada ya miaka mitatu alipandishwa, akawa katibu wa vikao. Wazee wa chuo wanakumbuka kikao cha kuchagua rangi ya viti vya ukumbi, kilichoanza saa tatu asubuhi. Aliandika: "Wajumbe walijadili rangi ya viti kwa saa tatu na dakika arobaini. Uamuzi: hakuna." Mjumbe aliyesinzia hakuandikwa kuwa amesinzia, Bi Nukta ni mtu wa heshima. Aliandikwa kuwa "hakuwa na maoni kuanzia saa tano na robo". Mkuu mmoja wa idara alianza kunywa kahawa kwa sababu yake.

Hatimaye alikabidhiwa Kamati ya Nidhamu ya wanafunzi, na huko ndiko amekaa kwa muda mrefu zaidi.

Zama hizo kamati ilikuwa na kazi nyingi za maana. Ilishughulikia majiko ya umeme mabwenini, redio zinazopigwa kwa sauti kubwa, na kadi za mtihani zenye picha zisizofanana na wenyewe. Mwanafunzi akishikwashikwa na mwenzake, akifuatwafuatwa, akitumiwa maneno machafu, kamati ilimpokea pia, lakini mwisho kabisa, kwenye kile kipengele kinachoitwa Mengineyo. Nimeuona ukurasa mmoja wa miaka hiyo. Mengineyo: (a) magari kuegeshwa kwenye nyasi, (b) malalamiko ya mwanafunzi wa kike wa mwaka wa kwanza, (c) chai kuchelewa. Jambo la (a) lilichukua dakika ishirini na tano. La (c) lilichukua kumi na tano. La (b) lilimalizwa kwa sentensi moja: "Pande zote mbili zilishauriwa zielewane kama ndugu."

Sentensi ile aliichapa Bi Nukta. Mwenyekiti wa wakati huo alimwambia aandike hivyo, naye akaandika. Mpeleka barua alikuwa likizo, kwa hiyo siku ya tatu aliichukua barua ya uamuzi mwenyewe, akavuka uwanja hadi bweni la wasichana, akapanda ngazi hadi ghorofa ya pili. Alimkuta msichana mwingine anapiga pasi juu ya kitanda kitupu. Msichana huyo alimwambia kwamba mwenzake ameondoka na kwamba aliacha maagizo: barua yoyote ikija kutoka chuoni, isipelekwe kwao. Bi Nukta akarudi na barua yake, akaiweka kwenye faili.

Habari hii amenisimulia mwezi uliopita tu, tulipokuwa tunapanga majalada yake. Nilimuuliza alijisikiaje siku ile. Alisema kilichomuuma ni kwamba sentensi ile ilikuwa imeandikwa vizuri. Haikuwa na kosa hata moja. Tangu siku hiyo hakumfupishia mtu maneno yake tena.

Sasa nifike kwenye kesi ambayo watu wengi wanaijua nusunusu. Yaliyomo humu yamesomwa kwanza na mlalamikaji mwenyewe, naye ameruhusu.

Ilikuwa miaka kumi na moja iliyopita. Mimi nilikuwa msajili msaidizi mpya, mwenye tai mbili, na niliteuliwa kuwa mjumbe wa Kamati ya Nidhamu, jambo nililolichukulia kama dalili ya kuaminiwa. Mwenyekiti alikuwa Profesa, mtu mwenye sauti nzuri. Wengine walikuwa mlezi wa wanafunzi, mwanasheria wa chuo, na muuguzi mkuu wa zahanati yetu. Tulikuwa watano, na Bi Nukta kwenye kona na daftari lake.

Mlalamikaji alikuwa binti wa mwaka wa pili, anasomea upimaji wa ardhi. Mlalamikiwa alikuwa wa mwaka wa tatu, na chuo kizima kilimwita Waziri, kwa sababu alikuwa waziri wa ustawi katika serikali ya wanafunzi. Ndiye aliyeandaa Wiki ya Heshima Chuoni, iliyokuwa na hotuba, maandamano na fulana nyeupe zilizoandikwa kifuani "Mlinde Dada Yako". Wiki ilifana sana. Jioni ya kilele binti yule, aliyejitolea kusaidia, alibeba boksi la fulana zilizobaki akalipeleka stoo ya vyombo vya muziki. Waziri alimfuata amebeba spika ya muziki, akaiweka chini, akafunga mlango na kuuegemea kwa mgongo. Alimshika bila ridhaa yake, binti akamsukuma, lakini Waziri akaendelea kumshika mpaka mtu mwingine alipogonga akitaka ufunguo. Yote hayo akiwa amevaa fulana ile.

Baada ya hapo zikaja jumbe za simu. Baada ya jumbe ukaja uvumi kwamba binti alikuwa anatafuta cheo katika kamati ya ustawi, amekikosa, sasa ana hasira.

Msimamizi wa bweni alimshauri abadilishe namba ya simu. Mlezi wa wanafunzi alimshauri aandike barua. Aliiandika, kurasa mbili, kwa mkono. Utaratibu wetu wakati ule ulikuwa kwamba barua zote za ustawi wa wanafunzi lazima nakala zake zipitie ofisi ya waziri wa ustawi. Binti akaambiwa aipeleke. Waziri mwenyewe aliipokea, akaisoma amesimama, akaigonga mhuri wa IMEPOKELEWA na kumrudishia nakala yake. Mhuri huo ninao hapa kwenye faili. Umegongwa vizuri, haukupinda.

Tulimsikiliza siku ya Jumanne, saa nne asubuhi. Alikuja na rafiki yake, rafiki akaambiwa asubiri nje. Kiti tulichompa kilikuwa kifupi kuliko vyetu, nadhani kilitoka darasa la chekechea la watoto wa wafanyakazi, na meza ikawa inamfika kifuani. Hakuna aliyepanga hivyo. Hakuna aliyebadilisha pia.

Tulimuuliza maswali arobaini na moja. Tulimuuliza alivaa nini. Tulimuuliza sketi ilikuwa ya urefu gani, na mwanasheria akamtaka aonyeshe kwa mkono. Tulimuuliza kwa nini alikubali kubeba boksi, kwa nini hakupiga kelele, na kama aliwahi kucheka na Waziri kabla ya siku ile. Profesa alimuuliza kama anafahamu kwamba kijana huyu ana maisha mbele yake. Swali la kumi na tisa ni langu. Nilimuuliza kama hakuona dalili mapema. Nilidhani ni swali la busara. Nakumbuka nilirekebisha tai kabla ya kuliuliza.

Aliulizwa pia kwa nini alingoja siku tisa ndipo akalalamika.

"Nilikuwa na mitihani," alijibu. "Niliona nikianza kulia nitafeli, basi nikangoja niimalize."

Kisha akaingia Waziri, akakaa kwenye kiti cha kawaida. Yeye tulimuuliza maswali sita. La kwanza lilikuwa kama atapenda maji. La pili lilikuwa masomo yanaendaje. Alijibu yote kwa Kiswahili fasaha, akatushukuru kwa muda wetu, na akaomba suala hili lisije likachafua taswira ya Wiki ya Heshima.

Tulielekea kuamua kwamba ushahidi hautoshi. Kilichobaki ni kumbukumbu kuandikwa, kuthibitishwa kikao kijacho baada ya wiki mbili, na kupelekwa Baraza la Chuo. Ni hatua ndogo, ya kiofisi. Tulikuwa tukiimaliza kwa dakika tatu kila mara.

Kumbukumbu zilitoka zikiwa kurasa kumi na nne. Maswali yote yalikuwemo, yamepewa namba, na mbele ya kila swali kuna aliyeliuliza. Profesa aliniita ofisini kwake. Hakukasirika. Alisema Mama amejitahidi mno, na kwamba ingefaa sana tukibakiza mstari mmoja, "Kamati ilimhoji mlalamikaji kwa kina", na kurasa mbili kwa jumla zinatosha. Akanituma mimi kwa kuwa nilikuwa kijana.

Nilimkuta Bi Nukta anakunywa chai, miguu ameiweka juu ya boksi la karatasi. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Nitapunguza, mwanangu," alisema. "Wewe niletee tu karatasi yenye saini, iseme nifute kuanzia swali la ngapi mpaka la ngapi."

Nilirudi kwa Profesa. Profesa alisema jambo dogo kama hilo halihitaji karatasi. Nilirudi kwa Bi Nukta, naye akakubali kwamba ni jambo dogo, na akasema saini nayo ni ndogo. Safari ya tatu nilitumwa nikachukue daftari lake. Alilitoa kwa mikono miwili, kwa adabu zote. Profesa alikaa nalo siku mbili, kisha akalirudisha. Lilikuwa limeandikwa kwa hati mkato, na chuo kizima, pamoja na shahada zake zote, kilikuwa na mtu mmoja tu anayeweza kuisoma.

Wiki hiyo hiyo ilitoka barua ya kumhamishia Bi Nukta stoo ya vifaa vya usafi, kuanzia tarehe mosi ya mwezi unaofuata, kwa sababu ya "mahitaji ya kiutendaji". Barua za ofisi ile zilichapwa na yeye, kwa hiyo na hii ilifika mezani kwake kwa mwandiko wa mkono ili aichape. Aliichapa. Alirekebisha makosa mawili ya tahajia, akaipeleka ikasainiwa, kisha akajipelekea na kujisainia kwenye daftari la kupokea. Mumewe, fundi wa kuwamba makochi, ananiambia kwamba siku hiyo mkewe alirudi nyumbani akakaa kwenye kochi ambalo halijawekwa sponji bado, juu ya springi tupu, na hakugundua.

Mimi nakala yangu ya kumbukumbu nilipewa Jumatatu, nikasaini kuipokea. Niliipeleka nyumbani niisome. Mke wangu aliisoma kabla yangu, amesimama jikoni, na alipofika katikati aliniuliza kitu kimoja tu: hili swali la kumi na tisa aliuliza nani? Jina langu lilikuwa hapo hapo mbele ya swali. Alitaka tu nilitamke.

Kikao kilifunguliwa Alhamisi. Profesa alisema, kama ilivyo desturi, kwamba wajumbe wote wamepata nakala, basi tuzichukulie kumbukumbu kuwa zimesomwa, tusonge. Bi Nukta alisimama. Kwa kawaida huwa hasimami. Alikumbusha kwamba kwa kanuni za vikao, akiwepo hata mjumbe mmoja ambaye hakupata nakala, lazima kumbukumbu zisomwe kwa sauti, zote. Profesa akatabasamu, akatuzungushia macho mmoja mmoja. Mlezi alipata. Mwanasheria alipata. Muuguzi mkuu alipata.

Rasimu ya kwanza ya wasifu huu ilisema hapa kwamba "mjumbe mmoja alidai hajapata". Bi Nukta ameandika pembeni: nani? Basi ni mimi.

"Mimi sijapata," nilisema. Nakala yangu ilikuwa kwenye mkoba, mkoba uko chini ya kiti, na kisigino changu kilikuwa kinaugusa.

Bi Nukta alinitazama juu ya miwani. Alikuwa amenikabidhi kwa mkono wake. Aliinama akaandika, na nimekwenda kuutafuta mstari ule nione aliandikaje: "Msajili Msaidizi alisema kuwa hajapata nakala." Kila neno la sentensi hiyo ni kweli.

Kisha akasoma. Alisoma kwa dakika hamsini, bila kupandisha sauti wala kuishusha, kama mtu anayesoma orodha ya vifaa vya ujenzi. Nje kulikuwa na mtu anakata nyasi kwa mashine, na mashine ilipokaribia dirishani alinyamaza, akangoja ipite, akarudia swali tangu mwanzo. "Mwanasheria: Ilikuwa ya urefu gani? Onyesha kwa mkono." Hapo mwanasheria alivua miwani yake, akaanza kuifuta, na hakuivaa tena siku ile. Lilipofika la kumi na tisa niliisikia sauti yangu ikitoka kwenye kinywa cha mwanamke wa makamo, na sikuwa na pa kutazama. Mlezi wa wanafunzi aliomba tupumzike. Bi Nukta aliandika kwamba mlezi ameomba mapumziko, akaendelea.

Baada ya arobaini na moja, akageuza ukurasa na kusoma yale sita. "Mwenyekiti: Utapenda maji?"

Muuguzi mkuu alicheka. Kilikuwa kicheko kifupi kisicho na furaha ndani yake. Kisha akafunika uso kwa kiganja.

"Mimi humu sina swali hata moja," alisema. "Arobaini na moja yote yamepita, nimekaa tu. Hata hilo la maji sikulishangaa."

Alipendekeza tulichofanya kifutwe, na kesi isikilizwe upya na watu wengine. Niliunga mkono. Mwanasheria naye, miwani mkononi, aliinua mkono. Tulikuwa watatu kwa wawili. Profesa akataka iandikwe kwamba hata yeye alikuwa na wazo hilo hilo tangu mwanzo. Ikaandikwa: "Mwenyekiti alisema kuwa hata yeye alikuwa na wazo hilo hilo tangu mwanzo."

Kesi ilisikilizwa upya na watu watatu wasiotoka kwenye kamati yetu. Binti alikaa kwenye kiti cha kawaida, rafiki yake kando yake, akaulizwa maswali tisa. Habari ilipoenea kwamba safari hii watu wanasikilizwa, wasichana wengine wawili wakaleta barua zao. Mmoja alikuwa na jumbe zile zile, hata makosa ya herufi yakiwa yale yale. Waziri alivuliwa uwaziri na kusimamishwa masomo miaka miwili. Alikata rufaa, ikapunguzwa ikawa mmoja, akarudi, akahitimu. Binti alipoteza muhula mzima na akahitimu nyuma ya wenzake. Leo anapima njia za barabara mpya. Tulimwalika kwenye hafla, akajibu kwamba siku hiyo yuko kazini, na akaomba shukrani zake ziingizwe kwenye kumbukumbu. Nimeziingiza.

Barua ya uhamisho ilifutwa na Baraza baada ya kusoma zile kurasa kumi na nne. Bi Nukta aliichapa na hiyo ya kufutwa.

Mwaka uliofuata chuo kilitoa kijitabu cha sera ya kuzuia unyanyasaji wa kingono na kushughulikia malalamiko. Jaladani kuna picha ya Profesa, na ndani kuna dibaji yake. Alipata tuzo, akasafiri kuelezea wengine namna tulivyofanikiwa. Jina la Bi Nukta limo pia, ukurasa wa mwisho, chini ya "Uchapaji".

Ukweli ni kwamba mambo karibu yote yaliyomo kwenye kijitabu yaliingia kupitia kumbukumbu zake, kwenye mistari inayoanza na "Katibu alikumbusha". Katibu alikumbusha kuwa nakala ya malalamiko isipelekwe kwa mtu yeyote anayetajwa ndani yake. Katibu alikumbusha kuwa mlalamikaji ana haki ya kukaa na mtu anayemwamini, na ya kupata jibu ndani ya siku kumi na nne. Katibu alikumbusha kuwa kipo chumba chenye milango miwili, kilichokuwa kikitunza madawati mabovu, na kwamba kikitumika kusikilizia malalamiko, mlalamikaji na mlalamikiwa hawatakutana koridoni. Fomu ya malalamiko aliitunga mwenyewe. Ina maswali mawili: Nini kilitokea? Unahitaji nini sasa? Mwanasheria alitaka kuongeza la mavazi ili fomu ikamilike. Bi Nukta alimwangalia tu, mwanasheria akaliondoa mwenyewe.

Na ule utaratibu wa malalamiko haya kuwa ajenda ya kwanza? Hakuna kikao kilichowahi kuupitisha, nimetafuta. Kila alipochapa ajenda, Bi Nukta alilipandisha jambo hilo namba moja juu. Baada ya vikao saba lilikuwa la kwanza, na sisi sote tuliamini ndivyo lilivyokuwa siku zote.

Kila mwaka wanafunzi wapya wanapopokelewa, yeye hupewa dakika kumi, kati ya hotuba ya maktaba na ya zimamoto. Hasemi hotuba. Husoma baadhi ya maswali ya kesi ile, bila majina, kisha yale sita. Vijana hucheka kwenye swali la maji. Halafu huwaambia chumba kilipo, na kwamba kinawahusu pia wale wanaocheka, maana kushika mtu asiyetaka, kusambaza picha ya mtu na kumfuata mtu baada ya kuambiwa hapana, yote hufika kwenye mlango huo huo.

Wakati fulani uongozi uliingiwa na hofu. Malalamiko yalitoka mawili kwa mwaka yakafika kumi na tisa, na Mkuu wa Chuo akauliza kama sera imeharibu wanafunzi. Jibu lipo kwenye kumbukumbu: "Katibu alieleza kuwa yaliyoongezeka si matendo, ni karatasi."

Tusijisifu sana. Miezi mitatu iliyopita alikuja mvulana kulalamika kuhusu mwenzake wa chumbani, na mmoja wetu akatabasamu. Bi Nukta aliandika: "Mjumbe alitabasamu." Kikao kilichofuata, zilipokuwa zikisomwa, mjumbe huyo alisimama akaomba radhi, akaondoka kwenye shauri hilo. Ndiyo kusema bado tunahitaji kuandikwa.

Nyumbani kwake, anasema mumewe, watoto walikua bila kuweza kusingiziana, kwa sababu swali la kwanza la mama lilikuwa: nani alisema, na alisema kwa maneno gani? Sasa mjukuu wake wa kwanza amepata nafasi chuoni kwetu, anaanza muhula ujao, na bibi hatakuwepo. Binti huyo alikuja ofisini wiki iliyopita kumsaidia kubeba mafaili, akamuuliza chuo kikoje. Nilikuwepo. Nilitegemea atamweleza habari za maktaba, au walimu wa kuwakwepa.

"Ghorofa ya chini, mlango wa tatu kushoto," bibi alimwambia. "Nenda ukakione siku ya kwanza, ukiwa huna shida nacho. Na mpeleke na mwenzako wa chumbani."

Mjukuu aliweka mafaili chini, akaenda kukiona kile chumba cha malalamiko saa ile ile. Alikaa huko muda, tukamsikia anafungua mlango mmoja, anafunga, anafungua wa pili. Bibi yake aliendelea kufunga kamba kwenye majalada, kichwa ameinamisha, na ilimchukua mara tatu kulipata fundo.

Bi Nukta, kwa niaba ya wafanyakazi wenzako, wajumbe uliotuvumilia, na wanafunzi ambao hawajui jina lako lakini walikuta mlango uko wazi, tunakushukuru. Nenda kakae na mumeo kwenye kochi lenye sponji. Tunakutakia siku nyingi tulivu, zilizojaa maneno ya porojo yasiyohitaji kuandikwa na mtu yeyote.